Kuokoa kuni katika kusafisha mafuta ya alizeti

Ndugu wa Kibaigwa, Dodoma, umeuliza jinsi ya kupunguza kuni za boila katika kiwanda chako cha kusafisha mafuta ya alizeti. Ningeanzia kwenye hatua ya kuondoa harufu, ambako mafuta hupashwa hadi zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi, kisha yakapozwa kwa maji na joto hilo likapotea bure. Funga kibadilisha joto ili mafuta yanayotoka yayapashe yanayoingia, ila yasikutane na hewa yakiwa bado ya moto, kwa kuwa oksijeni huyaharibu.

Mvuke uliogeuka maji ndani ya koili (bomba lililozungushwa la kupashia mafuta) urudishwe kwenye boila, mradi haujachanganyika na mafuta. Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi, hivyo kwa kurudisha maji ya mvuke utapunguza pia ukoko wa madini unaoganda ndani ya boila. Mabomba ya mvuke yasiyofunikwa, ambayo huwa mengi, yafunikwe pia ili yasipoteze joto.