Meli ndogo kwenye Mediterania: uliza upepo kwanza, bei baadaye

Ukitaja safari ya meli ya Mediterania, wengi wetu tunawaza meli kama MSC World Europa, inayobeba abiria zaidi ya 6,000, yenye mabwawa ya kuogelea na kumbi za maonyesho. Ina raha yake na sina ugomvi nayo. Ninayoizungumzia hapa ni meli ya aina nyingine kabisa: abiria 30 au 40, mabaharia wachache unaowajua kwa majina kufikia siku ya pili, jiko moja, na nahodha unayemkuta asubuhi anakunywa kahawa huku anatazama mawingu. Nimesafiri nazo zaidi Kroatia, baina ya Split na Dubrovnik, na Ugiriki pia, safari nyingine nikiwa na mama yangu ambaye magoti yake hayapendi ngazi. Nikirudi Mombasa, jamaa huanza na bei. Mimi nawaambia bei iwe swali la tatu. La kwanza ni utakwenda mwezi gani, la pili utapita njia ipi.

Sababu ni upepo. Meli kubwa inaweza kuyapasua mawimbi na abiria wasimwage hata chai. Meli ya mita 40 haiwezi, na nahodha mwenye akili hajaribu. Pwani ya Kroatia ina pepo tatu zinazotajwa kila siku, na inafaa uzijue kabla hujalipa. Bura inashuka ghafla kutoka milimani, kaskazini-mashariki, kavu na baridi, inakuja kwa vishindo. Jugo inatoka kusini-mashariki, inaleta mawimbi marefu, mvua na unyevu, na ikishaingia inaweza kukaa siku kadhaa. Maestral ndiyo rafiki: inaamka mchana wa kiangazi kutoka kaskazini-magharibi, inapoza jua, inalala jioni. Ukimsikia nahodha anataja jugo wakati wa chakula cha asubuhi, jua kwamba pango la kisiwa cha Biševo mliloahidiwa huenda msilione. Mlango wa pango hilo ni mdogo kiasi kwamba hata ndani ya mashua unainamisha kichwa, na mawimbi yakiwa makubwa hufungwa kwa watu wote. Hapo nimeona abiria wazima wakimfokea baharia kana kwamba yeye ndiye aliyeleta upepo. Soma mkataba wako: karibu kila kampuni imeandika kwamba nahodha anaweza kubadilisha njia kwa sababu ya hali ya hewa, na hilo halirudishi pesa.

Ugiriki mambo ni tofauti. Julai na Agosti kuna meltemi, upepo wa kaskazini unaoweza kufika nguvu ya 7 au 8 kwa kipimo cha Beaufort, kile cha nguvu za upepo kinachoanzia 0 hadi 12. Unaweza kuvuma chini ya mbingu isiyo na wingu hata moja, jua linawaka, na bahari imechafuka vibaya. Visiwa vya Cyclades, yaani Mykonos, Paros, Naxos na jirani zao, viko katikati ya njia yake. Kama lazima uende miezi hiyo kwa sababu ya likizo ya watoto, chukua upande wa bahari ya Ionia, kwenye Corfu, Lefkada na Kefalonia, au ghuba ya Saroni iliyo karibu na Athens, kwenye Aegina, Poros na Hydra. Huko meltemi haifiki na nguvu zake zote. Lakini kama tarehe ziko mikononi mwako, nenda Juni au Septemba. Mimi napenda Septemba zaidi: jua limepungua ukali, watoto wa Ulaya wamerudi shule, na maji yana joto la kiangazi kizima ndani yake. Mei ni nzuri kwa kutembea na nafuu kwa mfuko, ila maji ya Adriatiki bado yako chini ya nyuzi 20, na mtu aliyekulia Bahari ya Hindi atayaingia kwa kelele na kutoka mbio.

Sasa viza, maana hapa ndipo safari za watu wetu zinapokwama. Kroatia iliingia Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, tarehe 1 Januari 2023, siku ileile ilipoanza kutumia yuro. Ushauri wa zamani kwamba inahitaji viza yake ya pekee umepitwa na wakati. Viza moja ya Schengen inakutosha Kroatia, Ugiriki, Italia, Malta, Ufaransa na Hispania. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, kwa nchi utakayoingia kwanza. Kwa safari ya meli inayogusa nchi mbili tatu, keti na ratiba uhesabu. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, bima iwe ya angalau yuro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Usingoje wiki mbili za mwisho.

Kubwa kuliko yote hayo ni idadi ya kuingia. Montenegro, Albania na Uturuki haziko Schengen. Kuna meli za Kroatia zinazoteremka hadi ghuba ya Kotor huko Montenegro, ambako ni pazuri sana, milima imeinamia maji pande zote, na kuna meli za Ugiriki zinazovuka hadi Kuşadası, Uturuki, ili abiria wakaone magofu ya Efeso. Ukiwa na viza ya kuingia mara moja, ukishaandikishwa mpakani kwamba umetoka Dubrovnik, viza hiyo imekufa. Meli itarudi Kroatia, wewe hutaruhusiwa. Omba viza ya kuingia mara nyingi, ambatisha ratiba ya meli inayoonyesha bandari hizo, na eleza jambo hilo waziwazi katika barua yako. Ukipewa ya mara moja tu, badilisha njia mapema. Na usisahau kwamba hizo nchi zilizo nje ya Schengen zina masharti yao kwa pasipoti yako. Wakala wa Ulaya aliyezoea wateja wa Kijerumani au Kiingereza hatakukumbusha, kwa kuwa wateja wake hawana shida hiyo.

Kwenye kuchagua chumba, watu hutumia pesa nyingi kupata cha juu chenye dirisha kubwa. Kwa macho ni kizuri. Kwa tumbo, chumba cha chini katikati ya meli ndicho kinachoyumba kidogo. Kile cha nyuma kabisa, kwenye tezi, kiko karibu na injini, na nahodha akiondoa meli alfajiri utaamka naye. Kwa mama yangu nililipia cha sitaha kuu, jirani na chumba cha kulia, si kwa ajili ya dirisha bali kwa sababu ngazi za meli hizi zimesimama wima. Ukisafiri na mzee, uliza ngazi ngapi kutoka kitandani hadi mezani, na usitosheke na picha. Uliza pia kama kiyoyozi kinafanya kazi usiku kucha. Meli za zamani za mbao huzima jenereta saa fulani, na usiku wa Agosti hilo si jambo dogo.

Kuna jambo moja ambalo matangazo hayalionyeshi. Bahari ya Mediterania haipwi wala haijai kwa namna tunayoijua sisi. Mombasa au Unguja wakati wa bamvua tofauti inaweza kukaribia mita nne. Kule sehemu nyingi haifiki hata nusu mita. Ndiyo maana meli zinaweza kufungwa gatini usiku kucha bila mtu kuamka kulegeza kamba, na ndiyo maana kwenye bandari za visiwa vya Hvar na Korčula, Kroatia, utakuta meli nne au tano zimepangwa ubavu kwa ubavu, kamba ya hii imefungwa kwa ile. Yako ikiwa ya mwisho, kwenda mjini ni kuvuka sitaha za wenzako wote. Baina ya meli na meli kuna mwanya, na boti kubwa ikipita nje ya bandari, mwanya unafunguka na kufumba. Mama alisimama pale akautazama, akanitazama mimi. Baharia mmoja kijana alimwambia kwa ishara: subiri. Wimbi likapita, meli zikatulia, ndipo akamshika kwenye kigasha, si vidole, naye mama akamshika vilevile, akavuka kwa hatua moja bila mkoba mkononi. Tangu hapo ndivyo tunavyofanya. Mkoba hupitishwa kwanza, mikono yote miwili inabaki huru, na hakuna anayeharakishwa. Viatu viwe bapa na visivyoteleza. Usiku, funga pazia, maana dirisha la jirani linaweza kuwa mkono mmoja kutoka lako, na funga dirisha lenyewe pia, moshi wa jenereta yake usiingie.

Mizigo iwe begi laini. Sanduku gumu kubwa halina pa kukaa, ilhali begi linakunjwa na kusukumwa chini ya kitanda. Chukua viatu vya kuogelea, kwa kuwa fukwe nyingi kule ni kokoto na miamba, na kwenye miamba wamekaa wale viumbe wa miiba myeusi ambao mguu ukiwakanyaga siku mbili zimeharibika. Meli hutia nanga kwenye ghuba tulivu mchana na watu wanaruka majini moja kwa moja. Chini hapo ni kina kirefu, hakuna pa kusimama. Asiyejua kuogelea vizuri aombe jaketi la kuokolea. Liko, na hakuna aibu yoyote. Choo cha meli hakipokei karatasi, na maji ya kuoga ni ya tangi, kwa hiyo fungua, jilowanishe, funga, jisugue.

Chakula kinahitaji maelezo mapema, hasa kwa Waislamu. Meli nyingi za Kroatia hutoa asubuhi na mchana, jioni unakula mjini kwa pesa yako. Asubuhi mezani pršut haikosekani, nayo ni paja la nguruwe lililokaushwa. Hilo utaliona. Usiloliona ni mvinyo ndani ya sufuria: wali mweusi wa ngisi na mchuzi wa samaki wa Dalmatia, yaani pwani hiyo ya Kroatia, kwa kawaida hupikwa nao. Kwa hiyo kumwambia mpishi kwamba huli nguruwe hakutoshi. Andikia kampuni wiki kadhaa kabla, kisha mtafute mpishi siku ya kwanza, umweleze kwa adabu: hakuna nguruwe, hakuna mvinyo kwenye kupika, samaki wa kuchoma kwa mafuta ya zeituni nitashukuru. Wapishi wa meli ndogo wanapikia watu 30, si 3,000, na wengi wanachukulia hilo kama heshima. Mjini, tafuta peka: pweza na viazi chini ya kifuniko cha chuma kilichopaliwa makaa juu. Inachukua saa nyingi, haipatikani kwa kuingia tu mkahawani, basi mwombe nahodha apige simu asubuhi. Na uulize mvinyo hapo pia.

Daktari hayupo. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa mwaka 2006 unadai daktari kwenye meli zenye watu 100 au zaidi zinazofanya safari za kimataifa za zaidi ya siku tatu. Meli ya watu 40 inayokwenda kisiwa hadi kisiwa haimo. Beba dawa zako zote kwenye begi la mkononi pamoja na karatasi ya daktari, na namba ya dharura kote huko ni 112. Dawa ya kichefuchefu imeze kabla meli haijaondoka. Ukishaanza kutapika haina kazi kubwa. Kaa nje, tazama upeo wa macho, acha simu.

Kwa nini basi nipende meli hizi pamoja na masharti yote haya? Kwa sababu ya bandari. Kisiwa cha Vis, Kroatia, kilikuwa kambi ya jeshi la Yugoslavia, nchi ambayo Kroatia ilikuwa sehemu yake, na wageni kutoka nje hawakuruhusiwa hadi 1989, na hadi leo kimebaki kimya. Kisiwa cha Mljet kina maziwa mawili ya maji ya chumvi ndani ya msitu, na wenyeji watakuambia kuwa Mtume Paulo alivunjikiwa chombo kwao wala si Malta. Dubrovnik, meli kubwa zinaruhusiwa mbili kwa wakati mmoja, na abiria wao wengi huondoka jioni. Ninyi mnalala pale. Panda ukuta wa mji mara tu lango linapofunguliwa asubuhi; una karibu kilomita mbili, ngazi nyingi na kivuli hakuna. Mama alinisubiri chini na aiskrimu yake, akiwa ametulia kabisa.

Pesa, kwa kifupi. Juu ya tiketi kuna kodi ya bandari inayolipwa ndani ya meli, mara nyingi taslimu. Vinywaji, kwa kuwa meli nyingi hazikuruhusu kuleta vyako. Bahasha ya mabaharia siku ya mwisho. Na chakula cha jioni cha kila siku. Anayelala peke yake chumbani hutozwa nyongeza, wakati mwingine kubwa, ila mwezi wa Mei au Oktoba baadhi ya kampuni huiondoa ukiomba. Meli nyingi hubadilisha abiria Jumamosi, na vyumba huachwa asubuhi mapema. Tafuta ndege ya mchana au jioni, kwa maana Jumamosi ya Julai barabara ya kwenda uwanja wa ndege wa Split imejaa abiria wa meli zote kwa pamoja.