Choma hilo daftari, mpigie mwenyekiti wa chama

Ndugu wa Mikindani, weka kalamu chini kabla hujafika dhambi ya 64.

Umeuliza namna ya kuijua dhambi yako ili unyenyekee na imani ikue, na kama kufunga siku 40 huku ukiandika kila dhambi tangu utotoni ni njia nzuri. Umesema hutakaribia Meza ya Bwana, ule mkate na kikombe vya ushirika, mpaka umalize. Daftari la namna hiyo nalijua, nami niliwahi kujaza langu. Halikuniongezea unyenyekevu hata chembe.

Tazama namba 41 uliyoitaja kwa kupita: pesa za chama, 2,500, wewe ukiwa mweka hazina, na hujamwambia mtu. Namba 40 ni kumfokea kondakta wa matatu, namba 42 ni kusinzia wakati wa mahubiri. Hapo ndipo daftari linapoua. Orodha ndefu husawazisha kila kitu: wizi mstari mmoja, usingizi mstari mmoja. Mtu hulia juu ya kurasa 30 akidhani moyo wake umevunjika, kumbe amepata pa kuisitiri ile moja ambayo kuikiri kutamgharimu pesa na heshima. Mficha uchi hazai, na hilo daftari ndiyo nguo unayojifunikia.

Wanaofundisha mambo haya kwenye makesha wananiuma sana. Mtu husimama saa nane za usiku akawaambia watu waliochoka kwamba dhambi usiyoikumbuka na kuitaja haijasamehewa. Andiko gani hilo? Daudi mwenyewe aliuliza ni nani awezaye kuyatambua makosa yake, kisha akaomba atakaswe na mambo ya siri, Zaburi 19:12. Hakudai kuyakumbuka yote. Na Wakolosai 2:14 inasema ile hati ya kutushitaki ilifutwa ikagongomewa msalabani. Wewe umekaa Mikindani unainakili upya kwa mkono wako. Mwalimu wa kesha amekwenda zake kulala, na watu wamebaki na woga wa miaka.

Kanuni ni moja, na ningekuomba uishike hata ukisahau mengine yote: kila dhambi iwe na jina, iwe na mwenyewe, iwe na hatua. Jina ni kitenzi kilicho wazi: niliiba, nilidanganya, nilimsengenya. "Nilipungukiwa" halimgusi mtu. Mwenyewe ni yule uliyemkosea. Mungu daima, na mara nyingi mtu pamoja naye. Hatua ni jambo unaloweza kulifanya kabla ya Jumapili. Dhambi ikiwa ya moyoni tu, kama kijicho, mwenyewe ni Mungu peke yake na hatua ni kumwambia. Likija jambo lisilo na hata kimoja kati ya hivyo vitatu, ule uzito usio na jina unaokwambia tu kwamba wewe ni mbaya, usiliandike. Ni woga, na woga huungami, unaukabidhi.

Yuda ndiye anayenitisha katika habari hii. Soma Mathayo 27:3-5 polepole. Alijuta. Aliitaja dhambi kwa jina lake hasa, kwamba ameisaliti damu isiyo na hatia. Alirudisha vipande 30 vya fedha, vyote. Jina alikuwa nalo, hatua alikuwa nayo, ila aliipeleka kwa makuhani, wakamjibu, "Basi, haya yatupasani sisi?" Hakurudi kwa mwenyewe, Yesu aliyemsaliti. Petro alikana mara tatu akalia kwa majonzi, lakini alipoambiwa ni Bwana aliyesimama ufuoni, alijitupa baharini amfikie. Penye moto wa makaa akaulizwa mara tatu kama anampenda. Wote wawili waliijua dhambi yao vizuri kabisa. Mmoja aliipeleka pasipo na rehema. Ndiyo maana Paulo katika 2 Wakorintho 7:10 anatenga huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu, iletayo toba, na huzuni ya dunia ifanyayo mauti. Siku 40 peke yako na daftari, bila kula vizuri, bila Meza, bila ndugu wa kukusikiliza: hiyo huzuni ya pili hukua upesi sana mahali kama hapo.

Kuna na mpangilio uliougeuza. Isaya 6: mstari wa 1 alimwona Bwana, wa 5 akasema ole wangu, wa 7 kaa la moto likagusa midomo yake, wa 8 akasema mimi hapa, nitume mimi. Petro naye aliona nyavu zimejaa samaki ndipo akasema ondoka kwangu, mimi ni mtu mwenye dhambi. Kwanza Bwana anaonekana, halafu uchafu unaonekana kwa nuru yake. Ukianza kwa kujichimba mwenyewe utapata mengi, na yote yatakuwa habari zako wewe. Na kutoka "ole wangu" hadi "nitume" ni mistari mitatu.

Kwa hiyo jioni, dakika 10, zisizidi. Soma kifungu kimoja cha Injili kwanza. Kisha Zaburi 139:23-24, ili yeye ndiye akuchunguze. Pitia siku ya leo tu. Chukua moja, mbili kwa wingi, uzipitishe kwenye vile vitatu. Kama umeandika, iwe kwenye kikaratasi. Soma 1 Yohana 1:9 kwa sauti masikio yako yasikie, chana kikaratasi, lala. Ukiruka ile ahadi umefanya nusu ya kazi, na nusu hiyo ndiyo inayoumiza.

Imani hukua hapohapo, maana kila jioni unaijaribu ahadi na kuikuta imesimama. Mtazame Paulo. Kwa Wakorintho alijiita mdogo katika mitume, kwa Waefeso mdogo kuliko aliye mdogo wa watakatifu wote, kwa Timotheo akajitaja kuwa wa kwanza wa wenye dhambi. Kadiri alivyokwenda alizidi kujiona mdogo, na hakuacha kazi hata siku moja.

Kuhusu Meza, 1 Wakorintho 11:28 inasema mtu ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate. Ajihoji, ale. Ukiwa Mkatoliki na dhambi ni ya mauti, yaani nzito, pitia kitubio kwanza, ukaungame kwa padre. Padre hukaa kule kwa ajili hiyo, na siri haitoki.

Usiende kuungama mbele ya kusanyiko. Ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, lile vuguvugu la toba makanisani, tangu miaka ya 1930, walifahamika kwa kutembea nuruni, yaani kuishi bila kuficha dhambi, na kurudisha vya watu, na hilo ni la kuiga. Lakini ungamo la hadharani huvuta na siri za wengine. Dhambi iende mpaka pale ilipofika madhara yake.

Yako ilifika kwa chama. Walawi 6:5 iliongeza sehemu ya tano juu ya kilichochukuliwa: 2,500 na 500, ni 3,000. Zakayo, yule mtoza ushuru, aliahidi kurudisha mara nne; nawe fanya hivyo ukiweza. Usitume kimyakimya kwa M-Pesa ukaita mchango. Mpigie mwenyekiti leo, kabla ya kikao, umwambie: "Nilichukua shilingi 2,500 za chama nikakuficha. Narudisha 3,000." Usiweke "lakini" popote. Kama huna zote, sema utalipa 1,000 kila mwezi kwa miezi mitatu, na aandike yeye. Akitaka wanachama waambiwe, waambie mwenyewe. Akikuondoa kwenye uweka hazina, mkabidhi vitabu siku hiyohiyo.

Kisha Jumapili nenda ukale mkate.