Mzeituni ukitikiswa na mashine, matunda yanaachiaje?

SWALI: Shikamoo mzee wa shamba. Mi ni kijana wa Hombolo hapa Dodoma, juzi nimeangalia video ya Hispania, trekta linakuja linakumbatia mzeituni kwa mikono ya chuma, linautetemesha sekunde chache tu, zeituni zote chini na mti umebaki na majani yake. Nyumbani tuna mikwaju ya babu, kila msimu tunapanda juu tunaipiga fito mpaka mabega yanauma. Hiyo mashine inafanyaje mpaka tunda liachie na jani libaki? Na fundi wa kuchomelea hapa mjini anaweza kututengenezea ya ukwaju?

JIBU: Marahaba kijana. Wengi wakiona zile video wanadhani mashine inalivuta tunda, wapi, tunda haliguswi kabisa. Kinachoshikwa ni shina, lile koleo limevalishwa mipira minene lisichubue gome, na kichwani mwake kuna vyuma vizito vinazungushwa na mota ya haidroliki, ila uzito wake umeegemea upande mmoja, ndo maana vikizunguka kichwa kizima kinayumba na shina linayumba nacho. Simu yako ikivaibreti mfukoni ni kitu hichohicho, kimota chenye kichuma kilichoegemea upande. Kwenye mzeituni mtikisiko unaenda kama mara 20 mpaka 30 kwa sekunde.

Sasa kazi yote iko kwenye kikonyo. Tawi likienda kulia tunda linachelewa, maana lina uzito wake, na kabla halijalifikia tawi limesharudi kushoto, kwa hiyo kikonyo kinavutwa, kinapindwa, kinasokotwa, mara mia na zaidi ndani ya hizo sekunde chache, mwisho pale kilipoungana na tunda panachoka panakatika. Huko kupindwapindwa kunasaidia sana, kwa sababu kuvuta peke yake ni kazi ngumu: zeituni ya gramu 3 ukiivuta moja kwa moja inaweza kudai nguvu zaidi ya mara 100 ya uzito wake ndo iachie. Jani linatikisika vilevile ila ni jepesi, halina uzito wa kukivuta kikonyo chake. Sio kwamba hayadondoki kabisa, yanadondoka, ila video huwa haikuonyeshi watu wakiyapepeta baadaye.

Halafu mashine bila ukomavu ni kelele tu. Tunda likiiva mti wenyewe unaanza kulegeza pale kwenye muungano, ndo maana mashine ileile mwanzo wa msimu inaacha matunda mengi juu na wiki kadhaa mbele inakaribia kuyamaliza. Ila ukingoja sana upepo unakuvunia kabla yako na ubora wa mafuta unashuka, so mkulima anacheza hapo katikati. Kuna dawa za kupuliza zinazotoa gesi ya ethilini zinalegeza vikonyo mapema, shida zinalegeza na majani, mi nisingezigusa.

Matunda madogo nayo yanasumbua kwa sababu uzito hautoshi. Aina ya Arbequina zeituni zake mara nyingi hazifiki gramu 2, na wengi wanaipanda kwa mistari iliyobanana kama ua, mashine inapita juu ya mstari mzima na fimbo za plastiki zinatikisa matawi kushoto kulia. Na unajua hizo mashine zimetokana na nini? Mashine za kuvunia zabibu! Kwa hiyo wakulima wa zabibu wa Makutupora na Mpunguzi hapo Dodoma hilo ndo linawahusu, ingawa lazima zabibu zipandwe kwa mistari iliyonyooka na waya, shamba la robo heka halilipi.

Tuje kwa babu. Mzeituni wa kutikiswa huwa umeandaliwa tangu mdogo, shina moja lililonyooka, wazi karibu mita nzima toka chini, matawi magumu yanayotazama juu. Tawi gumu linapeleka mtikisiko mpaka kwenye tunda, tawi linaloning'inia linaumeza njiani. Mkwaju mkubwa wa kwetu shina halikumbatiki, na vitawi vyake vyembamba vinaning'inia, utatikisa shina siku nzima ukwaju unakuchekea. Na huyo fundi wako naomba asithubutu kuchomelea mashine ya kuzungusha vyuma, kimoja kikichomoka hapo ni msiba.

Achomelee kingoe. Chuma chenye ndoano, akivalishe mpira wa tairi ndani, kifungwe kwenye bomba refu jepesi, unashika tawi moja moja unatikisa kwa mitikisiko mifupi ya harakaharaka, usivute ukaachia kama unabembea, na ushike kati ya tawi sio nchani. Huko kwenye mizeituni ya milimani trekta lisikopanda wanatumia ndoano kama hiyo yenye injini ndogo ya petroli. Fito acheni kabisa, mnavunja vichipukizi. Ukwaju ulioiva unaweza kukaa mtini muda mrefu bila kuharibika, kwa hiyo kisichoachia leo kiacheni, mrudi baadaye, turubai liwe limetandikwa chini.

Na kabla hujaniuliza kuhusu kupanda mizeituni hapo Hombolo: mti utastawi, majani yatapendeza, ila maua yake yanahitaji majira ya baridi kali kiasi, na hii ya kwetu ya Julai hata ikikutoa machozi haifiki huko.