Kamera ya bei ndogo inatosha mu Ziwa Kivu

Wenye kuniandikia wote swali ni moja, ninunue kamera gani ya kupiga foto za samaki mu maji, na najua wanangoja niwatajie ya dola elfu mbili. Hapana jamani. Tafuta tu kale ka kamera kadogo ka action (ka kurekodia michezo) kenye kuja na kasha lake la plastiki, hata kama halina jina, ju kitu chenye kuharibu foto mu maji haiko kamera, ni maji yenyewe yenye kuwa kati yako na samaki.

Maji yanakula rangi, yanaanza na nyekundu, ukifika kama mita 5 hiyo karibu imeisha, kisha machungwa, kisha njano. Na haihesabu kushuka tu, hata ile safari ya kutoka kwa samaki mpaka kwa lensi inahesabu. Kwa hiyo sogea, halafu sogea tena. Zumu usiiguse kabisa, inakuza samaki lakini maji yanabaki pale pale. Mimi nasimamia kama nusu mita, chini ya sentimita 30 usiende na hizi za action ju lensi yao haijirekebishi, utatoa foto ya ukungu.

Na samaki usimfuate! Wale wadogo wa mawe ya hapa Goma ukiwakimbilia utapiga mikia tu. Tulia pembeni ya jiwe, pumua polepole, watarudi wenyewe kukuangalia.

Ziwa letu ni kijani, haliko buluu kama bahari ya Zanzibar, kwa hiyo ile filtri nyekundu wanauzaga na kamera haifai sana huku, ya maji ya kijani ni ile ya rangi ya majenta. Ukikosa, beba kisahani cheupe cha plastiki, ukifika kwenye kina chako uonyeshe kamera hicho ndio nyeupe (kama menyu yake inakubali), ukishuka tena rudia. Kingine ni mawe ya lava, ni meusi sana, kamera inadhani kuko giza inaongeza mwanga na samaki anatoka mweupe kama karatasi. Punguza mwanga mwenyewe mbele ya kushuka, ju skrini ya kugusa haisikii kidole mu maji.

Flashi zima. Inamulika vumbi lote la maji na foto inajaa madoa meupe. Tochi ya mkononi ni bora, lakini ishike mbali upande, sio juu ya lensi. Mimi nabaki mita chache tu, kati ya saa nne na saa nane, jua likiwa mgongoni, na mvua ikinyesha usiku siendi, mito inaleta matope.

Kasha: angalia kale kampira ka mlango, unywele mmoja unatosha kuingiza maji. Mara ya kwanza lishushe bila kamera, weka karatasi ya choo ndani uone kama inalowa. Na vile vipakiti vya mu sanduku la viatu usivitupe, weka kimoja ndani, vinazuia ukungu.

Ju ya gesi ya mu ziwa hili, methane iko chini sana, zaidi ya mita 250, wewe hufiki huko. Chenye kuua watu ni mazuku (gesi nzito ya kaboni yenye kujikusanya chini) pale ukingoni, kwa hiyo mitungi yako ya hewa usiitengenezee mu shimo wala bondeni, hasa asubuhi kama hakuna upepo. Na tuko mita 1,460 juu ya bahari, jedwali za kupiga mbizi za baharini (zile zenye kuonyesha muda wa kukaa chini) hazifai hivi hivi, weka saa yako ya kupiga mbizi kwenye altitude (urefu juu ya bahari), na siku hiyo ya kupiga mbizi usipande milima ya Masisi wala ndege.

Ukirudi, ongeza nyekundu kidogo kwa simu, kidogo tu, wengine wanatoa samaki kama nyanya. Na ukinitumia kwa WhatsApp tuma kama dokima (document), ukituma kama foto inabanwa na siwezi kukuambia kitu.