Mdogo wenu hana kiburi: jibu la mtu mzima mwenye usonji

Ndugu mleta mada, nimesoma swali lako na michango yote iliyotangulia. Umesema mdogo wako wa kiume, miaka 24, ameambiwa hospitali kuwa ana usonji (autism), yaani ubongo wake unapokea mazungumzo, sauti na mguso tofauti na wengi. Anafanya kazi stoo, akirudi jioni anajifungia chumbani, wageni wakija hatoki kuwasalimia, na mama anaona ni kiburi cha kushika mshahara. Unauliza mumfanyeje abadilike kabla ya harusi ya dada yenu. Mimi ni mwanamke, naishi Dar, nina usonji, na niliambiwa hivyo nikiwa nimeshaajiriwa. Nakujibu kwa ninayoyaishi, kwa hiyo univumilie, itakuwa ndefu. Kuna wenye usonji wasioongea kabisa na wanaohitaji mtu wa karibu mchana na usiku. Hao siwasemei, maisha yao siyajui kutoka ndani.

Nianze na mdau aliyesema usonji ni wa watoto tu. Daktari wa kwanza niliyemwona aliniambia hivyohivyo, nikatoka na dawa za usingizi. Usonji mtu anazaliwa nao na anazeeka nao. Mtoto wa kwanza katika ripoti ya Leo Kanner ya mwaka 1943, ile iliyoufanya usonji ujulikane kitabibu, ni Donald Triplett wa mji mdogo wa Forest, Mississippi, kule Marekani. Alikua, akafanya kazi benki miaka mingi, akaendesha gari, akacheza gofu, akasafiri nchi za mbali, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Familia yake ilikuwa na uwezo, tena benki yenyewe ilikuwa ya kwao, na hilo lilimsaidia sana. Lakini na watu wa mji ule walimzoea alivyo, wakamwacha aishi. Sisi kila tarehe 2 Aprili, siku ya usonji duniani, tunaona picha za watoto tu, halafu tunashangaa mtu wa miaka 24 akitajwa. Wale watoto wanakwenda wapi wakikua?

Aliyesema chanjo ndiyo inayoleta usonji: ile makala ya daktari Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyoanzisha madai hayo, ilifutwa na jarida lenyewe, Lancet, mwaka 2010, na tafiti kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano wowote. Tusiirudie hapa.

Na mliomshauri ampeleke akaombewe atolewe pepo, nawaomba sana. Mimi nilipelekwa. Nilikeshwa mbele ya spika, watu wananishika kichwa na mabega, nami mguso wa ghafla unaniunguza ngozi. Nilipoishiwa nguvu nikanyamaza, wakasema limetoka. Kama nyumbani mnasali, salini naye. Ila asiambiwe kwamba alivyo ni jini, maana atakaa na neno hilo hata mkishalisahau ninyi.

Sasa hilo la kujifungia. Mimi natoka kazini Kariakoo, napanda daladala ya Gongo la Mboto. Konda anagonga bodi, spika iko chini ya siti na inatikisa mguu, mama wa pembeni ana ndoo ya samaki, kijana amesimama ameniegemea bega, na mtu mwingine anatangaza dawa ya minyoo. Ninyi mnamsikia konda dakika mbili, kisha masikio yanamwacha. Yangu hayamwachi. Kila sauti inaingia kwa uzito uleule mpaka kituo cha mwisho, na kabla ya hapo nimekaa ofisini kwa muda wa saa nane chini ya taa inayolia. Nikifika nyumbani, maneno yanakata. Mtu akiniuliza "umekula?" jibu nalijua, lipo, ila mdomo hauwezi kulileta. Zamani dada yangu alikuwa anasema nimenuna. Siku hizi anajua: naingia chumbani, nazima taa, nalala chali na khanga usoni, feni kwenye spidi ya chini. Baada ya kama saa moja natoka mwenyewe, napiga stori vizuri tu. Mlango ule ukigongwa kila dakika tano, "toka usalimie", saa moja inakuwa usiku mzima.

Stoo anakofanya kazi mdogo wako kuna kelele gani? Anasafirije? Muulizeni hilo kabla ya kumuuliza kwa nini haongei.

Kuhusu salamu nina la kusema. Watu wanadhani salamu zetu ndefu ndizo zinazotutesa. Mimi hazinitesi hata kidogo. Shikamoo, marahaba, habari za kutwa, watoto hawajambo: kila kitu kina jibu lake, nimejifunza tangu utotoni na sikosei. Kinachonichosha ni kile kinachofuata salamu zikishaisha, pale panapokuwa hapana mpangilio. Mgeni anatania, nami sijui kama ni utani. Watu wanakula wanasema "karibu chakula", na ninatakiwa nitambue kwa sauti yao kama sahani ipo au ni heshima tu. Mtu anasema "niko njiani" na bado anatafuta viatu chini ya kitanda. Kwenu hayo yanapita bila kufikiriwa. Mimi kila sentensi naipiga hesabu, na hesabu hiyo ndiyo inayomaliza nguvu. Kwa hiyo mpeni mdogo wenu ruhusa ya kutoka, kusalimia kwa heshima zote na kurudi ndani bila kuitwa tena. Mama awaambie wageni, "Amechoka na kazi, amekuja kuwaona." Mgeni wa Kiswahili hatakataa hilo.

Macho nayo. Kwa Wazungu, mtoto asiyemwangalia mtu usoni anawashtua wakubwa mapema. Kwetu binti anayeinamisha macho mbele ya mkubwa anasifiwa. Mimi nilisifiwa utoto wangu wote: mpole, ana adabu, hana makundi, vitu vyake vimepangwa. Hakuna aliyeona shida, kwa sababu usonji wangu ulifanana na malezi mema. Nilipofika kwenye usaili wa kazi, macho yaleyale yakawa "hajiamini". Nikajifundisha kuangalia watu katikati ya nyusi, kucheka wanapocheka, kutayarisha kichwani maneno ya kusema jikoni kwenye chai ya saa nne. Niliigiza hivyo miaka, nikasifiwa tena, na nikaishia kitandani wiki nzima siwezi hata kupika uji. Kwa hiyo unapouliza afanyweje abadilike, ujue kwamba pengine anabadilika kila siku kule kazini, na ninyi mnapokea kilichobaki.

Sisemi haya kujitetea tu. Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku ni kwa pande mbili: sisi tunashindwa kuwasoma ninyi, na ninyi mnashindwa kutusoma sisi. Mwaka 2020 watafiti wa Edinburgh walichapisha jaribio la kupitishana hadithi, mtu kwa mtu. Wenye usonji wakipeana wenyewe kwa wenyewe, hadithi ilifika vizuri sawa na kwa wasio na usonji. Ilipotea pale walipochanganywa. Niliposoma hilo nililia kwa furaha. Maisha yangu yote nilikuwa naambiwa mimi ndiye ninayeharibu mazungumzo.

Kazini nilichoomba ni kidogo. Maagizo niandikiwe kwenye WhatsApp badala ya kuambiwa bosi akiwa anapita mlangoni. Meza yangu itoke karibu na mashine ya kutoa kopi. Nivae viziba masikio wakati wa kufunga hesabu. Bosi wa kwanza alisema najidekeza. Wa sasa alikubali siku ileile, na hesabu zangu za mwezi zinafungwa kabla ya za wengine. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu, lakini mabosi wengi wakisikia ulemavu wanatafuta fimbo nyeupe au kiti cha magurudumu. Kwa hiyo mdogo wako asianze na jina la hali yake kama hamwamini bosi. Aanze na ombi lenyewe: "Naomba uniandikie, nisije nikasahau."

Chakula nitakigusa tu. Kama hali bamia au mlenda, msimlazimishe mbele ya watu. Ule mtelezo mdomoni kwangu ni kichefuchefu cha kweli, na najua shangazi anaumia nikiacha. Nimemwambia, tumeyamaliza.

Tuje kwenye harusi. Mimi nilipata nafasi yangu kwenye shughuli kupitia msiba. Bibi alipofariki, wanawake wote wako jikoni na kwenye mikeka, wanalia kwa sauti, na mimi chozi halitoki. Nilimpenda bibi kuliko wengi waliokuwa pale, lakini majonzi yangu hayana sauti. Nikaanza kusikia minong'ono, "huyu mkavu". Mjomba aliniona, akaniletea daftari kubwa la mistari na kalamu mbili, akaniweka meza ya rambirambi kibarazani. Jina, kiasi, sahihi. Bluu kwa fedha taslimu, nyekundu kwa walioahidi. Siku tatu nilikaa pale, kila mtu akanipa pole kwa sentensi moja na kuendelea. Haikupotea hata shilingi. Tangu hapo kwenye ukoo wetu daftari ni langu, misiba na harusi, na hakuna anayeuliza tena kwa nini sipo jikoni.

Mdogo wako ni mtu wa stoo. Mpeni hesabu ya kreti za soda, viti vya kukodi na mapambo, au orodha ya kadi mlangoni. Mtumieni ratiba ya siku hiyo kwa maandishi, na ikibadilika mwambieni mapema. Msimweke kwenye meza iliyo jirani na spika. Mwonyesheni ukumbi siku moja kabla, wakati hauna watu. Mwambieni MC kabisa asimwite mbele kucheza, hata kwa mapenzi. Nguo aijaribu mapema. Lebo ya shingoni ikatwe, na kama kitambaa cha sare kinamwasha, avae shati lake la ndani. Na mkubaliane naye saa ya kuondoka, na nani atampeleka.

Ila hayo yote ni yangu, yeye anaweza kuwa tofauti kabisa. Muulize leo, kwa meseji, si mbele ya mama, na mpe mpaka kesho ajibu.