Re: Majina ya zamani ya huku pwani nayaandikaje?

Mkuu umeuliza ufuate ramani au wazee wanavyotamka, andika yote mawili ila anza na la wazee, kwenye ramani mengi yameshapinda. Kariakoo si imetoka kwenye Carrier Corps, kile kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza vita ya kwanza ya dunia, sasa hapo matamshi ya watu ndo jina lenyewe. Ukivuka Kigamboni ukafika Gezaulole ulizia Mbwamaji, ndo jina la kale la palepale, na Gezaulole yenyewe ni Kizaramo, yani jaribu uone. Halafu usiishie mitaani tu, wavuvi wana majina ya miamba na mikondo ambayo hayajaandikwa popote, wafuate wakiwa wanashona nyavu, rekodi sauti kwenye simu, wahi kabla wazee hawajaisha aisee inauma sana