Njegere za Isyonje: kabla mtoto hajachuma, mtafute anayebeba bomba la dawa

Dada, usithubutu. Umeandika kwamba unakuja Mbeya kwa mama mkwe likizo ya mwezi wa 6 na watoto wa miaka 3 na 5, umempata kijana wa kuwapeleka shambani huko Isyonje, juu ya Uyole, na watoto "watachuma njegere na kula hapo hapo, maana shamba ni la asili, wanatumia samadi tu". Nilipofika hapo nikaweka simu chini. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi miaka 2 iliyopita, nikayaamini, na mtoto wa kaka yangu akalazwa. Najua umeuliza pia shamba gani zuri, kiingilio, nguo za kubeba na kama gari dogo linafika. Subiri kwanza.

Naanza na hiyo samadi kwa sababu ndiyo iliyoniponza. Samadi ni mbolea. Inakuambia udongo umelishwa nini, lakini haikuambii chochote kuhusu kilichopuliziwa juu ya majani. Mkulima anaweza kumwaga samadi tela zima na bado akapiga dawa ya wadudu kila wiki, na akisema anatumia samadi hajamdanganya mtu. Ila yule kijana aliyetupeleka alijua vizuri ninachouliza. Nilimwambia wazi: "Humo hakuna dawa? Nina watoto wadogo." Akajibu, "Sisi samadi tu mama, ondoa wasiwasi." Wakati huo hela yangu alishaipokea kwa simu. Shamba lenyewe si lake, jembe la pale hajawahi kulishika, kazi yake ni kuweka status za watoto wenye vikapu na kukusanya watu. Nina hasira naye mpaka leo. Mtu asiyejua aseme sijui. Angesema "sijui" tu, ningemtafuta anayejua.

Njegere ni zao la kuchumwa kwa awamu. Maganda ya chini yanakomaa wakati juu mche bado unatoa maua, kwa hiyo mkulima anachuma leo, anaacha siku kadhaa, anarudi tena. Vidukari, wale wengine huwaita wadudu mafuta, hawasubiri mavuno yaishe ndipo waje. Kwa hiyo dawa inapigwa katikati ya mchumo mmoja na mwingine, huku maganda mengine yameshajaa kabisa. Nyanya ni hivyo hivyo, waulize watu wa Ilula kule Iringa. Sokoni Uyole njegere zinamenywa, zinaoshwa, zinapikwa. Mtoto aliye shambani hamenyi kwa vidole. Anapasua ganda kwa meno, ananyonya utamu wake, anatema, anachukua jingine. Mtazame wako siku moja na njegere mbichi utaona.

Siku yenyewe ilikuwa nzuri, na hilo ndilo linaniuma zaidi. Mvua zilikuwa zimekwisha, mlima Rungwe umekaa wazi kabisa, ukungu umebaki kwenye mabonde tu. Wangu wawili walikuwa na miaka 6 na 4, na huyu wa kaka yangu, aliyetoka Dar siku mbili kabla, alikuwa na miaka 3. Hajawahi kuona umande mwingi namna ile. Alikaa chini kwenye matuta, suruali ikalowa mpaka kiunoni, akawa anacheka. Nilimwacha. Nikasema moyoni acha mtoto wa mjini aguse udongo.

Pembeni mwa shamba, karibu na mfereji, kulikuwa na ndoo ya lita 20, zile za rangi, ina maji kiasi cha nusu. Maji yalionekana masafi. Nikachota, nikaosha njegere za watoto, nikawanawisha na mikono, mmoja baada ya mwingine, kwa umakini kabisa kama mama anayejua anachofanya. Huyu mdogo akazamisha mikono yote mpaka viwikoni na kunywa kwa viganja kabla sijamzuia.

Ile ndoo ilikuwa ya kuchanganyia dawa.

Wala haikuwa imefichwa. Hatua 10 kutoka pale, kwenye ua wa matete, kulikuwa na bomba la kupulizia, lile la kubeba mgongoni, limeinamishwa likauke. Kijana wa shamba alikuwa amesimama karibu nalo, akatusalimia, "Shikamoo mama," nikamwitikia "Marahaba," nikapita. Nilinunua hata sado ya viazi kwake. Sikumuuliza chochote. Niliyemuuliza alikuwa yule mwenye status.

Tulianza kurudi saa 8 mchana. Tulipokaribia Uyole mtoto akawa mnyonge, nikadhani amechoka. Mate yakaanza kumtoka mengi, yakalowesha kifua, nikadhani ni usingizi. Kilichonishtua ni jasho. Dada, mwezi wa 6, huku kwetu, mimi nimevaa sweta na kitenge juu yake, halafu mtoto anatoka jasho mpaka nywele zimelowa! Macho yanatiririka machozi na halii. Tulipofika nyumbani akatapika mara mbili.

Na hapa nikaongeza makosa juu ya kosa. Kwanza nilimfunga blanketi juu ya nguo zile zile zilizolowa umande wa shambani, eti asipate baridi. Pili, jirani alisema mpe maziwa, maziwa yanaua sumu, nikampa. Daktari alinieleza baadaye: dawa za namna hiyo zinapenya pia kwenye ngozi, kwa hiyo kila dakika aliyokaa na suruali ile alikuwa anaendelea kuinywa kwa mwili. Maziwa hayaiondoi, na mtoto aliyelegea anaweza kupaliwa nayo yakaingia kwenye mapafu. Nilichotakiwa kufanya ni kumvua nguo zote, kumwosha mwili na nywele kwa sabuni na maji mengi, nisimtapishe, na kukimbia naye hospitali.

Hospitalini daktari alimmulika machoni kwa tochi. Mboni zilikuwa ndogo kama kichwa cha pini. Akauliza, "Ametoka shambani?" Nikasema ndiyo. "Dawa gani?" Nikamwambia shamba halina dawa. Akanitazama tu, akawaambia wauguzi wamvue na kumwosha, wakaanza kumdunga atropini, dawa ya kupunguza makali ya sumu ya namna hiyo. Alisema inaonekana ni dawa ya wadudu ya kundi la oganofosfeti: inazuia kimeng'enya cha mwilini kinachozima ishara za neva, ndiyo maana mate, machozi na jasho havikatiki, na kifua nacho kinaweza kujaa maji ya namna hiyo hiyo mpaka mtu akashindwa kupumua. Akataka jina la dawa. Nikampigia yule kijana wa matembezi. Simu ikaita mara ya kwanza ikakatwa, ya pili ikawa haipatikani. Mpaka leo hajawahi kunipigia.

Kilichotusaidia ni viazi. Nilimlipa yule kijana wa shamba kwa simu, kwa hiyo namba yake ilikuwa kwenye ujumbe wa muamala. Nikampigia. Alipokea mara moja, akachukua tochi, akaenda stoo, akapiga picha chupa na kunitumia WhatsApp: jina, kiambata, yaani kemikali yenyewe inayoua wadudu, na utepe wa njano chini ya lebo. Daktari akasoma akasema ni kundi lile lile alilodhani. Kisha yule kijana akanipigia tena, sauti inamtetemeka. "Mama, tulipulizia jana jioni. Mngeniuliza ningewaambia. Mimi nilijua mmekuja kupiga picha tu."

Mngeniuliza ningewaambia. Sentensi hiyo ninayo kichwani miaka 2 sasa.

Saa 3 usiku nikampigia kaka yangu Dar. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakapotea. Aliniuliza kitu kimoja, "Mwanangu anapumua?" Nikasema anapumua. Akasema nakuja, akakata. Alifika kesho yake jioni na basi, na mtoto alikuwa ameshaanza kuomba uji. Tulikaa wodini siku mbili. Wangu wawili walitapika kidogo tu, mkubwa alikuwa hapendi njegere. Kaka yangu hakunilaumu hata kwa neno moja, na wifi vilevile. Nimejilaumu peke yangu vya kutosha.

Kwa hiyo sikiliza. Usimuulize anayepokea hela. Muulize anayebeba bomba. Kila shamba lina mtu mmoja anayepulizia, wala haoni aibu kusema, ni kazi yake. Mpigie kabla hujalipa hata shilingi. Muulize hivi: mara ya mwisho umepulizia lini, umepulizia nini, na chupa iko wapi niione. Usiulize "mnatumia dawa?" maana utajibiwa "za kawaida tu", na kawaida ya mkulima si kawaida ya mtoto wa miaka 3. Taja siku: ni Jumatatu, ni jana, ni leo asubuhi? Kwenye lebo kuna idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna, nyingine 3, nyingine 7, nyingine 14, inategemea dawa na zao. Kama siku hizo hazijatimia, watoto hawaingii kwenye mistari, hata kwa picha. Utepe wa rangi nao utazame: mwekundu ndio mkali kuliko yote, unafuata wa njano, kisha bluu, kisha kijani. Hata wa kijani mtoto asiuchezee. Ukiambiwa dawa ilipimwa dukani kwenye chupa ya maji, haina lebo, geuza gari. Na muulize ndoo ya kuchanganyia ni ipi, akuoneshe kwa kidole. Maji ya kunawa na kunywa yatoke nyumbani kwa mama mkwe.

Kuna mtu kwenye maoni hapo juu amekuambia "wakulima wenyewe wanakula kila siku na hawafi". Huyo anamfananisha mtu wa kilo 70 na mtoto wa kilo 13 anayeingiza vidole mdomoni kila nusu dakika. Na wakulima hawali vya mstari uliopigwa jana. Wanajua upi ni upi. Wewe mgeni hujui.

Nguo: beba za baridi kweli kweli, sweta, soksi na kofia, pamoja na seti nzima ya kubadilisha ili walichoingia nacho shambani kivuliwe hapo hapo kabla ya kupanda gari. Ukipanda mpaka hifadhi ya maua ya Kitulo, asubuhi za mwezi wa 6 na 7 zina barafu juu ya nyasi, na yale maua ya kwenye picha usiyatarajie, hayo ni ya kipindi cha mvua.

Kama unataka watoto wale kitu pale pale, shuka upande wa Tukuyu. Rungwe ni migomba, parachichi, chai na ng'ombe wa maziwa. Ndizi na parachichi vina ganda la kutupa, mtoto hakuti kitu cha kupasua kwa meno, ingawa utaviosha na utauliza bado. Nyumba nyingi zina ng'ombe wawili watatu zizini, na mama mwenye nyumba akipenda atamwacha mtoto ashike chuchu akamue kidogo. Maziwa yachemshwe. Wangu wanakumbuka kukamua kuliko kitu kingine chochote tulichowahi kufanya likizoni.

Mtoto wa kaka yangu anakuja tena Jumamosi, ana miaka 5 sasa. Ameomba mwenyewe twende shambani kwa yule kaka wa viazi. Nilimpigia jana usiku. Amesema njegere walizipulizia Jumanne, tusiziguse, ila wiki hii wanafukua viazi kwenye mashina yaliyokauka zamani, ameshaifungia ndoo stoo, na tukitaka kuchoma atatuwekea kuni.